Mashine Iliyomchagua Shangazi

Chama cha ngumi kilipovunja ulingo wake, watu walidhani kinajenga mwingine. Wapi! Mbao zilipigwa randa, zikapakwa vanishi, zikageuka jukwaa la kutolea hotuba, na hotuba ya kwanza kutolewa juu yake ilikuwa ya Mwenyekiti mwenyewe, akieleza kwa nini mchezo wa ngumi hauhitaji ulingo tena.

"Dunia inakwenda mbio," alisema, huku akijifuta jasho utadhani ndiye aliyekuwa anakimbia. "Sisi tutaendelea kuvunjana pua mpaka lini? Kila mwaka tukichagua timu, ni kelele tupu. Mwamuzi kapendelea, mwamuzi haoni. Sasa basi! Mwaka huu mchujo utafanywa na mashine. Mashine haina ndugu."

Kisha akamwita mbele mtu wa kuiendesha hiyo mashine isiyo na ndugu, na aliyepanda jukwaani alikuwa mkwewe, mume wa binti yake mkubwa. Wakamwita Mtaalamu.

Katika safu ya tatu, mguu wa kushoto ukiwa umenyooshwa kwa sababu ya goti, alikaa mama mmoja wa miaka hamsini na saba akisikiliza. Alikuwa msimamizi wa dobi ya hospitali, na nyuma ya dobi hiyo, katika chumba kilichowahi kuwekwa mashine mbovu, alikuwa na klabu ndogo ya kufundisha wasichana ngumi, kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Gunia lao la mazoezi alilishona kwa mashuka yaliyochakaa na kulijaza matambara. Bondia wake wa kwanza alikuwa binti wa kaka yake, na kwa kuwa huyo alimwita Shangazi, kila aliyekuja baadaye alimwita hivyo hivyo. Mwishowe hata madaktari walimwita Shangazi.

Huyo binti wa kaka ndiye aliyekuwa sababu ya yeye kukaa pale. Mchana alikuwa fundi wa kushona mashuka yaliyochanika, palepale dobini, na jioni alikuwa bondia ambaye wenzake hawakupenda kupangwa naye. Walimwita Sindano. Hakuwa na ngumi za kurusha kutoka mbali kama mtu anayetupa jiwe. Ngumi yake ilikuwa fupi, haifiki hata shibiri moja, na aliyepigwa aliisikia kabla hajaiona. Mashindano makubwa ya nje yalikuwa yamekaribia, nafasi ya wanawake ilikuwa moja tu, na kwa haki ya Mungu hapakuwa na mtu wa kumnyang'anya.

"Hiyo mashine inapimaje?" Shangazi aliuliza pale watu walipopewa nafasi ya maswali.

"Unashika vishikio viwili, unapiga hewani, yenyewe inaona," Mtaalamu alijibu.

"Inaona nini?"

"Inaona kila kitu, Shangazi."

"Tunaweza kuja kuizoea kabla ya siku yenyewe?"

Mwenyekiti akadakia kwamba hapana, haki ni haki, wote wataiona siku moja. Alisahau kusema kwamba mashine kama ile ile ilikuwa sebuleni kwa Katibu wa chama, na kwamba binti ya Katibu, ambaye hajawahi kupigwa hata kibao cha usoni, alikuwa akiichezea tangu shule zilipofungwa.

Mchujo ulipangwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, mchana. Kila mwenye kadi hai ya uanachama angecheza mara moja, raundi tatu, dhidi ya mpinzani mmoja aliyemo ndani ya mashine. Mwenye alama nyingi kuliko wote ndiye angesafiri. Karatasi ya kanuni ilibandikwa mlangoni, na chini yake kwa herufi nene: UAMUZI WA MASHINE NI WA MWISHO.

Jumamosi ukumbi ulijaa, na Mwenyekiti akaisifu mashine mbele ya kinasa sauti cha redio. Televisheni kubwa kama mlango iliwekwa juu ya lile jukwaa, na chini yake jicho dogo jeusi la kuwatazama wachezaji. Sakafuni palibandikwa alama ya nyayo mbili. Mpinzani aliitwa Kifaru, katuni lenye shingo pana kuliko mabega. Mchezaji naye alipewa kikaragosi chake, chenye kichwa kama tikiti maji na mikono miwili inayoelea hewani bila kuungana na mwili. Shangazi alikitazama, akajiuliza. Mtu asiye na viwiko atapiga ngumi ya aina gani?

Sindano aliitwa wa sita. Akafungwa kamba za vishikio mikononi, akainamisha kichwa kwa heshima kama alivyozoea, akapandisha ulinzi. Kengele ikalia.

Wallahi, waliojua ngumi ukumbini walishika viti vyao. Binti alipiga kushoto, kushoto, kulia, akakwepa, akaingia ndani, akapiga mbavu, akatoka. Kama Kifaru angekuwa mtu, angekuwa anatafutiwa machela. Lakini kwenye skrini kikaragosi cha Sindano kilisimama kama mtu aliye kwenye foleni ya kliniki. Alipopiga ngumi tatu, chenyewe kiliinua mkono mmoja, polepole, kana kwamba kinaomba ruhusa ya kutoka. Alipoinama kukwepa, kilikaa wima kikala konde la uso, kisha yeye akiwa ameshainuka, ndipo nacho kikakumbuka kuinama. Alipozungusha ngumi ya pembeni, chenyewe kilipiga juu, hewani, kama anayefukuza popo. Na alipohama miguu, kama bondia yeyote aliyefundishwa vizuri anavyohama, skrini nzima iliingia giza ikaandika: MCHEZAJI HAONEKANI.

"Usisogee!" Mtaalamu alipiga kelele. "Simama kwenye kibandiko!"

"Nisimame?" Sindano aliuliza, akihema. "Napigana!"

"Pigana ukiwa umesimama!"

Raundi tatu ziliisha. Alama kumi na nne kwa mia. Mashine ikapiga muziki wa kuchekesha, na kikaragosi kikaonyeshwa kikiwa chali, nyota zikizunguka tikiti maji lake. Watu wa kamati walicheka. Binti alifungua kamba mwenyewe, akaviweka vishikio mezani taratibu, na hakumtazama mtu.

Shangazi alimfuata Mwenyekiti kwenye meza ya soda.

"Mwenyekiti, mashine yako haijaona ngumi hata moja ya huyu mtoto."

"Shangazi yangu, ile ina kamera ya kisasa. Kama haikuona ngumi, basi hapakuwa na ngumi."

"Mimi nimeziona. Na wewe umeziona."

"Macho yetu ni ya zamani," Mwenyekiti alisema kwa huruma, akafungua soda yake.

Mwingine angeondoka. Shangazi alirudi kwenye kiti chake akanyoosha mguu, akakaa saa nne nzima akitazama. Hakutazama skrini sana. Alitazama mikono ya watu. Mabondia wa kweli walipata kumi, kumi na saba, tisa. Mama mmoja mpishi wa shule, aliyekata kadi kwa utani, alipata arobaini na moja. Kisha akaja binti ya Katibu. Huyu hakukunja hata ngumi. Alisimama kwenye kibandiko akitikisa vifundo vya mikono, tik, akingoja, tik, akingoja, na kikaragosi chake kikarusha makonde ya kuangusha ng'ombe. Katika raundi ya tatu bangili yake iliteleza, akatikisa mkono kuirudisha mahali pake, na Kifaru akaanguka kifudifudi. Alama themanini na nane. Katibu alisimama akampigia mwanawe makofi mpaka miwani ikamdondoka.

Shangazi aliitazama ile bangili kwa muda mrefu.

Nyumbani jioni ile, Sindano alisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi.

"Nimepigana na wasichana walionizidi kilo tano," alisema bila kugeuka. "Nimepigana na homa. Leo televisheni imeniambia sina ngumi, na watu wamecheka."

"Weka sufuria chini, utaitoboa."

"Shangazi, usinitulize."

"Sikutulizi. Nasoma." Na kweli alikuwa amevaa miwani, ile karatasi ya kanuni aliyoinakili mlangoni ikiwa mezani, mbele ya kikombe cha chai. "Ile mashine haioni ngumi, mwanangu. Inasikia kutikisika kwa kifundo, basi. Ukitikisa haraka inachanganyikiwa. Ukitikisa, ukangoja kidogo, ukatikisa tena, inafurahi kama mjinga aliyesalimiwa na waziri. Ni vile tunavyokung'uta shuka lililolowa kabla ya kuliingiza kwenye roli ya kupigia pasi. Pembe moja, ngoja maji yashuke, pembe nyingine."

Sindano akageuka na sufuria mkononi. "Basi nifundishe. Kesho nirudi."

"Kifungu cha tatu. Mtu mmoja, mara moja."

"Aah!"

"Na hata pasingekuwa na hicho kifungu nisingekufundisha. Mkono wako umenichukua miaka minane kuunyoosha. Siwezi kuupeleka shule ya uongo kwa siku moja. Ukizoea kumngoja mtu aanguke baada ya kutikisa mkono, yule wa kweli atakutoa meno."

"Sasa unasoma nini?"

"Kifungu cha pili," Shangazi alisema, akaipandisha miwani. "Kinasema kila mwenye kadi hai. Hakisemi miaka mingapi. Hakisemi magoti mangapi."

Jumapili alikuja na sare yake ya dobini, ile ya kijani yenye mfuko mpana, kwa sababu alikuwa ametoka zamu. Alitoa kadi yake mezani. Katibu akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma.

"Hii ni kadi ya kocha."

"Imeandikwa kocha?"

Haikuwa imeandikwa. Ilikuwa imeandikwa mwanachama, kama za wote, kwa kuwa chama hakijawahi kuona sababu ya kuchapisha kadi za makocha. Katibu akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti, aliyekuwa amezungukwa na mwandishi mmoja wa gazeti na mmoja wa redio, akaona hapa pana picha nzuri ya kuonyesha mchezo ni wa watu wote.

"Mwacheni mama yetu achangamke!" alisema kwa sauti ya redio. "Ndiyo uzuri wa teknolojia!"

"Naomba kiti," Shangazi alisema.

"Kiti?" Mtaalamu akashangaa. "Kwenye ngumi?"

"Goti langu limefanyiwa upasuaji mara mbili. Kanuni zinakataza kiti?"

Hazikukataza. Hakuna mwandishi wa kanuni za ngumi, tangu ngumi zianze, aliyewahi kufikiri akataze kiti. Kikaletwa kiti cha plastiki, kikawekwa juu ya kibandiko cha nyayo. Shangazi akakaa, akanyoosha mguu, akafungwa kamba, na kengele ikalia.

Alikung'uta mkono wa kulia. Kikaragosi kikarusha konde, shingo ya Kifaru ikageuka nusu. Akangoja maji yashuke. Akakung'uta wa kushoto. Hakuhema. Katikati ya raundi ya pili alimgeukia mwandishi wa gazeti aliyekuwa anapiga picha akamwuliza kama amekula, na alipokuwa anauliza Kifaru alianguka mara ya kwanza. Ukumbi ulianza kucheka, kicheko tofauti na cha jana. Mabondia waliokuwa wamepata alama tisa na kumi waliinuka mmoja mmoja kutoka viti vya nyuma. Katika raundi ya tatu walikuwa wakihesabu naye kwa sauti: "Kung'uta! Ngoja! Kung'uta! Ngoja!" Kifaru alianguka mara tatu, ya mwisho hakuinuka, na fataki za rangi zikajaza skrini.

Alama tisini na sita.

Mtaalamu aligonga-gonga kitufe. Namba haikubadilika. Katibu alikuwa amekodoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Hii... hii ni maonyesho tu," Mwenyekiti alisema. "Mama yetu ametuburudisha. Makofi kwa mama!"

"Asante, Mwenyekiti," Shangazi alisema, bado ameketi. "Tunasafiri lini?"

"Tunasafiri nani?"

"Mimi na kamati. Nimeona nafasi ya wanawake ni ya mwenye alama nyingi."

"Shangazi, tuwe watu wazima. Wewe si bondia wa kupanda ulingoni."

"Kwa macho yetu ya zamani, sawa," akasema. "Lakini mashine ina kamera ya kisasa."

Mwandishi wa redio alikisogeza kinasa sauti karibu zaidi. Mwenyekiti alikitazama. Kusema mashine imekosea leo ni kusema ilikosea jana, na jana alikuwa ameisifu mbele ya kinasa sauti hicho hicho. Akabaki anatabasamu tu, tabasamu la mtu aliyekalia kitu chenye ncha mbele ya wageni.

Kamati ilikutana Jumatatu, ikakutana tena Jumanne. Katibu alitaka mchujo urudiwe, kwa heshima ya vijana, yaani kijana mmoja. Lakini gazeti lilikuwa limeshatoka na picha ukurasa wa mbele: mama wa makamo juu ya kiti cha plastiki, mguu umenyooka, na chini yake maneno, "Mwakilishi wetu". Watu walikuwa wakipiga simu redioni kuuliza kama kiti nacho kitapewa pasi ya kusafiria. Jumatano kamati ikaona heri nusu shari, ikamwandikia Shangazi barua ya kumteua, na ya pili ya kumtaka akapimwe afya. Walitegemea ataona aibu ajiondoe mwenyewe. Hawakujua kwamba ile barua ya pili ndiyo aliyokuwa akiisubiri.

Daktari aliyempima alikuwa amevaa makoti yaliyopigwa pasi na Shangazi kwa miaka kumi na miwili. Alisoma fomu, akavua miwani, akaisoma tena.

"Shangazi, hapa wanauliza kama unafaa kupigana raundi tatu na msichana wa miaka ishirini na mbili."

"Ndiyo, daktari. Nafaa?"

"Presha yako iko juu. Goti lako nililitengeneza mimi, najua nililoliacha humo ndani. Na umri wa mabondia umeupita kwa miaka kumi na saba. Hufai hata kuwatazama wakipigana ukiwa umesimama."

"Niandikie hayo yote," Shangazi alisema kwa furaha. "Andika kwa mwandiko wa kusomeka, tafadhali."

Hapajawahi kutokea mgonjwa aliyetoka mlango ule akitabasamu vile baada ya kuambiwa ameharibika. Alikwenda moja kwa moja hadi ofisi ya chama, akachechemea ngazi zote, akaweka cheti mezani kwa Mwenyekiti.

"Pole sana, Shangazi!" Mwenyekiti alisema, uso ukimng'aa. "Tulikuwa na matumaini makubwa na wewe. Basi itabidi nafasi iende kwa aliyefuata kwa alama."

"Kifungu cha tisa," Shangazi alisema.

"Kinasemaje?"

"Hujui? Imo saini yako. 'Aliyeteuliwa akishindwa kusafiri kwa sababu za afya, klabu yake itatoa mbadala.' Haisemi aliyefuata. Inasema klabu." Akatoa karatasi ya pili mfukoni mwa sare. "Klabu yangu imekaa leo asubuhi, imemtoa Sindano."

Mwenyekiti aliisoma ile karatasi kwa muda mrefu kuliko urefu wake. Kifungu kile walikiweka wao wenyewe miaka ya nyuma, kwa faida ya klabu yake yeye, na walipoandika kanuni za mashine hakuna aliyekumbuka kukifuta.

"Yule aliyepata kumi na nne?" aliuliza hatimaye.

"Huyohuyo. Ukitaka, twende redioni tuwaulize watu."

Akatia saini. Alitia kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Sindano alisafiri na kocha wa timu ya wanaume, kwa kuwa tikiti ya kocha wa wanawake alikuwa amepewa Mtaalamu, aende kujifunza. Shangazi alibaki dobini na mashuka yake. Siku ya pambano aliunguza foronya mbili, jambo ambalo halijatokea tangu aajiriwe.

Matokeo yalikuja kwa simu, mafupi: kapoteza kwa pointi, waamuzi watatu kwa wawili. Pambano moja, basi, nyumbani.

Wiki hiyohiyo chama kilitoa taarifa. Kilisema mfumo mpya wa kuchuja vipaji umezaa matunda, kwamba bondia wetu alikosa ushindi kwa unywele mmoja, na kwamba mashine nyingine nne zimeagizwa. Haikutaja alama kumi na nne. Kuhusu Mwenyekiti kulikuwa na minong'ono kwamba mashine ya kwanza imehamia ofisini kwake, anafunga mlango mchana anapigana na Kifaru, na Kifaru bado anamshinda. Minong'ono ni minong'ono, ila alionekana kwenye kikao akiwa na mkono wa kulia umefungwa kitambaa shingoni, na alipoulizwa alisema alianguka bafuni.

Sindano alirudi kazini Jumatatu. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba, na chini ya jicho la kushoto palikuwa na weusi uliokuwa ukigeuka manjano. Wanawake wa dobini walimzunguka, pole, pole mwanangu, jamani wamekuumiza. Alipowaitikia wote alikwenda kusimama kando ya roli, mahali Shangazi alipokuwa akilisha shuka.

"Nimekuangusha," alisema.

"Kaa upande ule unipokelee."

Akapokea pembe mbili za shuka upande wa pili, likitoka na joto lake.

"Alikuwaje?" Shangazi aliuliza.

"Mzuri." Sindano alisema hivyo kwa namna ya mtu anayemsifu rafiki. "Shangazi, alikuwa mzuri kweli. Raundi ya kwanza nilimpata mara tatu na ile fupi, nikamwona macho yanamtoka. Raundi ya pili akaacha kuja mbele, akawa ananingoja niingie. Kila nikiingia, huyu hapa! Kila aliyonipiga niliisikia mpaka kisigino. Na kila niliyompiga, aliisikia yeye. Alipoinuliwa mkono alinijia akanikumbatia, akaniambia jambo kwa lugha yao. Sijui alisema nini."

"Alikupiga na ipi hapo mdomoni?"

"Ya kulia. Nilikuwa natoka."

"Ulitoka umeshusha mkono wa kushoto."

"Hukuwepo, utajuaje?"

"Nauona mdomo."

Sindano akacheka, akashika mdomo kwa maumivu, akaendelea kucheka. Walikunja lile shuka mara nne, wakaliweka juu ya mengine. Yalikuwa yamebaki kama sitini, wodi ya upasuaji ilikuwa imeshatuma mtu mara mbili kuyaulizia, na Shangazi akaingiza lingine.

"Jioni," alisema, "tutaanza na mkono wa kushoto."